Mbona GPS inasema Kisumu iko chini kuliko kitabu?

Nenda Dunga bichi, simama pale maji yanagusa ardhi, kisha uulize uko juu kiasi gani. Risiva ya saveya, kile kifaa cha kushika ishara za satelaiti, kama haijasetiwa kitu itakuambia mita 1,120 na kitu hivi. Kitabu cha jiografia kinasema Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Na mwaka 2020 maji yalipopanda yakaingia kwa nyumba za watu, habari zilikuwa zinasema ziwa limefika mita 13.42 na limevunja rekodi ya 1964 ya mita 13.41. Sasa tushike gani? Zote. Hakuna hata moja ya uongo hapo, ni vile kila moja imeanza kuhesabu kutoka sifuri yake, na hakuna mtu alikuambia sifuri iko wapi.

Tumalize hiyo ya tatu kwanza maana ndiyo rahisi. 13.42 inasomwa kwa kipimo cha maji kule Jinja, Uganda, mahali mto Nile unatoka ziwani. Sifuri ya hicho kipimo iko karibu mita 1,123 juu ya bahari, kwa hivyo ukijumlisha unapata 1,136 na kitu, yaani ziwa la kawaida pamoja na ile mafuriko ya 2020. Si kina cha maji. Niliona watu wakibishana ati ziwa lina kina cha mita 13, na ziwa lenyewe mahali pengine linashuka mita themanini na zaidi.

Hizo zingine mbili ndizo zina maneno, na ndizo zinaumiza watu wenye ploti Nyamasaria, Nyalenda, Kano yote mpaka Ahero, mahali ambapo nusu mita ndiyo inaamua kama maji yatakuja kwa mlango au yatapita.

Anza na satelaiti yenyewe. Za GPS ya Marekani zinazunguka kilomita kama 20,200 juu yetu, ziko thelathini na kitu, halafu kuna GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, na risiva za siku hizi zinashika zote kwa mpigo. Kazi ya satelaiti ni moja tu, kutangaza iko wapi na ni saa ngapi. Risiva inaangalia ishara imechukua muda gani kufika, inazidisha na mwendo wa mwanga, inapata umbali. Ukikosea nanosekunde moja umekosea sentimita 30, ndio maana satelaiti zimebeba saa za atomiki. Ukipata umbali kutoka satelaiti nne au zaidi unapata mahali uko, na hapo ndipo watu wengi huruka bila kuangalia: mahali uko kutoka katikati ya dunia. Katikati kabisa, huko chini kwa kiini. Satelaiti haijui bahari, haijui ziwa, haijui mlima Elgon, haijui maji hutiririka wapi. Inajua umbali tu.

Sasa hakuna mtu anataka kuambiwa shamba lake liko kilomita 6,379 kutoka katikati ya dunia, haimsaidii. Kwa hivyo risiva inachukua umbo la kihesabu linalokaribiana na dunia, linaitwa elipsoidi, duara lililobonyezwa kidogo juu na chini. Ile GPS inatumia inaitwa WGS84, na ina nusu kipenyo cha mita 6,378,137 kwenye ikweta, kwenye ncha ni karibu mita 6,356,752, tofauti kama kilomita 21. Ukisimama pale Maseno kwa ile alama ya ikweta uko kwenye tumbo la hilo umbo. Mwinuko ambao satelaiti inakupa ni umbali kutoka kwa hiyo elipsoidi hadi kwa antena yako, basi. Elipsoidi haipo popote, huwezi kuichimba ukaipata, ni hesabu watu walikubaliana.

Na hesabu hiyo haifuati bahari. Malindi kuna kituo cha GPS cha kudumu kilicho kwenye netiweki ya kimataifa, na mwinuko wake kwa elipsoidi ni kama mita 20 chini ya sifuri. Chini! Na antena iko nchi kavu, haijawahi kulowa isipokuwa na mvua. Ni kwamba huko pwani uso wa bahari wenyewe uko karibu mita 29 chini ya elipsoidi.

Kwa nini sasa? Kwa sababu maji hayafuati hesabu, yanafuata uvutano. Na uvutano wa dunia haulingani kila mahali, kuna mahali miamba ya chini ni mizito na kuna mahali ni mepesi, kuna milima na kuna mabonde, kuna vitu vinaendelea huko ndani kabisa ambavyo hatuvioni. Bahari ikitulia kabisa, bila upepo wala mikondo wala kupwa na kujaa, haiwi laini kama elipsoidi, inakuwa na mabonde na vilima vya mamia ya kilomita ambavyo meli inapita juu yake bila nahodha kuhisi kitu. Shimo kubwa kuliko yote liko Bahari Hindi, kusini ya Sri Lanka, uso wa bahari uko kama mita 106 chini ya elipsoidi. Upande wa New Guinea umepanda kama mita 85 juu. Sisi tuko pembeni ya lile shimo la Bahari Hindi, pwani yetu iko ndani zaidi na ukienda magharibi unapanda kutoka kwake: Mombasa karibu mita 29 chini, Nairobi kama 16, Kisumu kumi na kitu.

Huo uso wa bahari iliyotulia, ukiufikiria umepita pia chini ya bara, chini ya Kericho, chini ya Kakamega, kama vile kungekuwa na mfereji mwembamba kutoka baharini ukileta maji mpaka hapa, ndio unaitwa jioidi. Na ukisikia mtu anasema "juu ya usawa wa bahari" ndio anamaanisha.

Fundi wa mjengo anaijua jioidi kuliko anavyodhani. Si unaona wakati wa kupiga msingi wanachukua ile paipu ya plastiki inayoonyesha ndani, wanajaza maji, mmoja anashika kona hii na mwingine kona ile, maji yakitulia wanapiga alama pande zote mbili na hizo alama ziko leveli. Hakuna betri, hakuna netiweki, na haidanganyi kama hakuna hewa imebaki ndani. Ile paipu inasoma uvutano moja kwa moja. Leveli ya saveya, ile ya kwa stendi ya miguu mitatu na stafu, ile rula ndefu, imeshikwa na kijana huko mbele, pia inasoma uvutano kwa sababu kuna kiputo cha hewa kwenye kioevu ndani yake. Satelaiti ya GPS ndio peke yake haisomi uvutano. Unaweza kupata pointi mbili ambazo kwa satelaiti ziko mwinuko mmoja kabisa, ukamwaga maji na yakatembea kutoka moja kwenda nyingine.

Ziwa lenyewe linaweza kukuonyesha hii. Chagua asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, pima mwinuko wa uso wa maji pale Dunga na mwenzako apime Kendu Bay, wote kwa satelaiti, risiva nzuri. Maji ni yale yale, ghuba moja, yametulia, hakuna upande umepanda. Lakini namba za elipsoidi haziwezi kulingana kabisa, na tofauti unayoona (ukitoa makosa ya kupima) ni jioidi ikiinama chini yako. Mimi naona hili ndilo jaribio zuri kuliko picha zote za dunia yenye rangi rangi.

Hesabu ya kutoka huku kwenda kule ni ndogo sana: mwinuko wa bahari ni sawa na mwinuko wa elipsoidi, toa mwinuko wa jioidi, yaani jioidi iko juu au chini ya elipsoidi kiasi gani. Tuseme risiva imesoma 1,121 na jioidi hapo ulipo ni −14. Basi 1,121 toa −14 ni 1,135. Kutoa hasi ni kujumlisha, tulifundishwa shule ya msingi, na bado kuna kazi zinaharibika hapo kwa sababu mtu amejua kuna 14 ya kutoa akaitoa kweli kweli, akapata 1,107, na sasa ziwa limeshuka mita 28 kwa karatasi.

Hii pia inaeleza ile vita ya simu mbili. Watu wawili wamesimama mahali pamoja, mmoja ana Android mwingine ana iPhone, wanapishana mita kumi na kitu, kila mtu anasema simu ya mwenzake ni takataka. Mara nyingi sababu ni kwamba Android kwa kawaida hutoa mwinuko wa elipsoidi vile vile ulivyo, ni programu yenyewe ndio inaamua kama itarekebisha, na iPhone hukupa iliyorekebishwa kwenda usawa wa bahari. Android 14 imeongeza njia ya programu kupata mwinuko wa bahari lakini si programu zote zinaitumia. Halafu kuna simu na saa zenye kipima hewa ndani, hizo zinabadilika na hali ya hewa, shinikizo likisonga milibari moja tu umehamishwa mita nane au tisa bila kutoka kwa kiti. Simu ni ya kujua kama uko Kisumu au Kericho. Usiijengee mtaro.

Sasa swali, hiyo −14 inatoka wapi? Inatoka kwa modeli, yaani hesabu ya jioidi ya dunia nzima. Wamarekani walitoa EGM96, ikaja EGM2008 ambayo ni nzuri zaidi, risiva nyingi na programu nyingi za saveya ziko na moja ya hizi ndani. EGM96 hugawiwa kwa gridi ya dakika 15 (dakika za digrii, si za saa), kwa upande wetu hapa ikweta ni kama kilomita 28 kutoka pointi hadi pointi. EGM2008 kwa kawaida iko kwa gridi ya dakika 2.5, chini ya kilomita tano. Katikati ya pointi programu inakisia tu, inavuta mstari. Na si gridi peke yake, modeli ni nzuri kadiri ya vipimo vya uvutano vilivyoingia, na Afrika vipimo vya ardhini ni vichache, pengine pametegemea satelaiti za kupima uvutano kama GRACE na umbo la milima kukisia. Satelaiti za uvutano zinaona mambo makubwa ya kilomita mia kadhaa vizuri sana, lakini ukuta wa Nandi unaosimama ghafla nyuma ya tambarare ya Kano, hiyo ni kitu kidogo kwake. Kwa hivyo ukiambiwa modeli imekupa usawa wa bahari, jua kuna sentimita kumi, ishirini, pengine zaidi, zinaelea hapo. Kwa kupanda Riat na baiskeli haijalishi. Kwa mtaro wa maji machafu inajalisha sana.

Na bado kuna kitu kingine watu hawasemi, usawa wa bahari wa nani? Miinuko ya Kenya imeanzia Kilindini, Mombasa, maji ya bahari yalipimwa pale kwa muda, wastani wake ukafanywa sifuri, halafu watu wakatembea na leveli na stafu, hatua kwa hatua, wakipanda bara, wakiacha benchimaki njiani, yaani alama za kudumu zenye mwinuko unaojulikana. Ndio maana vituo vya zamani vya reli vilikuwa na mbao zimeandikwa mwinuko kwa futi, Timboroa 9,001, na ukiteremka upande wa Kisumu namba zinaanguka chini ya nusu ya hapo. Uganda wao kihistoria walipata miinuko yao kutoka kaskazini, bahari ya Mediterania pale Alexandria, ikapanda na Nile kupitia Khartoum. Kwa hivyo ziwa moja limepimwa kutoka bahari mbili! Na wastani wa maji ya Kilindini haulingani kabisa na jioidi ya EGM2008, kwa sababu bahari ya kweli haijatulia, ina mikondo na joto na chumvi tofauti. Ramani ya serikali, benchimaki ya barabara na modeli ya kimataifa ni sifuri tatu zinazokaribiana, na neno ni zinakaribiana.

Haya, tuseme umeelewa sifuri. Bado kipimo chenyewe cha satelaiti ni kibaya zaidi kwa juu-chini kuliko kwa kulia-kushoto, na hii hata ununue risiva ya bei gani. Angalia karatasi yoyote ya mtengenezaji wa risiva za RTK (ile njia ya risiva mbili zinazosaidiana, nitaieleza hapa chini), utaona imeandikwa kitu kama milimita 8 kwa ulalo na milimita 15 kwa wima, karibu mara mbili. Sababu ni kwamba kwa ulalo una satelaiti mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, kosa la upande huu linavutana na la upande ule. Kwa wima zote ziko juu yako. Hakuna satelaiti chini ya miguu yako, dunia imezuia. Chochote kinachochelewesha ishara, hewa, mvuke, saa ya risiva, kinasukuma upande mmoja bila kitu cha kukirudisha.

Na hewa yetu si rafiki. Juu kabisa kuna tabaka lenye chembe za umeme, ayonosfea, na ukanda wa ikweta ndio lina fujo zaidi duniani. Jua likizama, kuanzia saa moja jioni hivi mpaka usiku wa manane, hilo tabaka linaweza kuchafuka, ishara zinatetemeka, risiva inapoteza satelaiti moja moja, na inakuwa mbaya zaidi karibu na Machi na Septemba na miaka ambayo jua lina madoa mengi. Saveya wa Ulaya anaweza kufanya kazi jioni bila wasiwasi, wa Kisumu afadhali amalize mapema. Chini kuna mvuke. Ukiweka besi, ile risiva inayokaa mahali pamoja, kando ya ziwa mahali kuna joto na unyevu halafu ukapanda na rova, ile inayotembea, mpaka juu Riat, mamia ya mita juu, hewa kati yako na satelaiti si ile ya besi, na hiyo tofauti inaingia moja kwa moja kwa mwinuko. Ongeza mabati ya nyumba za jirani yanayorudisha ishara kama ukuta unavyorudisha sauti, ongeza miti ya maembe, na bado mwinuko unaona kwa skrini unasema "fiksi" na sentimita mbili. Skrini inajua ya ndani yake tu.

RTK kwa kifupi: risiva moja inakaa mahali panajulikana, hiyo ndiyo besi, nyingine inatembea, rova, na besi inaituma marekebisho kwa redio au kwa bando za simu. Badala ya kusoma tu ule msimbo wa saa, zinahesabu mawimbi yenyewe, wimbi la L1, moja ya mawimbi ya GPS, lina urefu wa sentimita 19 na risiva inaweza kuligawa mpaka milimita. Ikishajua idadi kamili ya mawimbi inaitwa fiksi, kama bado inakisia ni floti, na ukiwa floti achana na mwinuko kabisa. Siku hizi huhitaji besi yako, kuna vituo vya kudumu, vingine vya serikali chini ya Survey of Kenya na vingine vya watu binafsi, unalipia unaunganishwa. Ila uliza kituo kiko umbali gani, ile ndogo ya "milimita moja kwa kila kilomita" inajumlika.

Makosa makubwa hata hivyo hayatoki angani. Yanatoka kwa mti wa rova, ile fimbo iliyobeba antena. Mti ulikuwa mita 2, umefupishwa kupita chini ya tawi ikawa 1.8, na namba kwa kifaa haikubadilishwa, sasa sentimita 20 zimeingia kwa pointi zote za mchana huo na hakuna kitu kwa skrini kitakuambia. Ama urefu wa antena ya besi umepimwa kwa mshazari halafu ukaandikwa kama wima. Ama, na hii ndio ya kawaida sana, besi imewekwa popote na kubonyezwa ile kitufe ya "hapa", yaani ijikadirie yenyewe iko wapi. Ikifanya hivyo, pointi zako zote zitapatana vizuri sana zenyewe kwa zenyewe, sentimita mbili tatu, ramani itapendeza, lakini zote kwa pamoja zimepanda au kushuka mita mbili, tatu kutoka kwa dunia ya kweli. Utaijua siku kontrakta wa barabara atakapokuja na miinuko yake kutoka benchimaki na mtaro wake upite juu ya sakafu yako.

Kwa hivyo kazi inayoheshimika inafanywa hivi. Unatafuta benchimaki za zamani ambazo bado ziko, na hapa ndipo uchungu upo maana nyingi zimeng'olewa na wapanua barabara, zingine zimefunikwa na lami, zingine chuma chake kimeuzwa skrapu. Ukipata tatu au nne zinazozunguka eneo lako, unakaa juu ya kila moja na satelaiti, unalinganisha mwinuko wa elipsoidi na ule wa benchimaki, na unapata tofauti halisi ya mahali pale, si ya modeli ya dunia nzima. Kisha programu inainamisha modeli kidogo ikae kwa hizo pointi. Neno ni kuzunguka. Benchimaki zote zikiwa upande wa mjini na kazi yako iko Awasi huko mbele, ule mwinamo unauendeleza gizani. Na ukipata benchimaki moja inapingana na zingine tatu kwa sentimita 30, usiifanyie wastani, hiyo imesogezwa, itoe.

Halafu kuna kazi ambazo satelaiti inatakiwa ikae pembeni kabisa. Fanya hesabu ya mtaro wa maji machafu wenye mwinamo wa 1 kwa 500, ule wa tambarare, na manholi kila mita 50. Kutoka manholi moja hadi nyingine paipu inashuka sentimita 10 tu. RTK yako ina wasiwasi wa sentimita 2 au 3 kwa kila pointi, ukitoa pointi mbili wasiwasi unaweza kufika sentimita 4. Hiyo ni karibu nusu ya mwinamo wote. Utapata kipande kimeshuka mara moja na nusu na kipande kinachofuata kiko karibu flati, na hicho cha flati ndicho kitaziba na harufu itapanda kwa mtaa. Leveli ya macho ikitembezwa kilomita nne na kurudi, kwa kanuni ya kawaida ya milimita 12 zidisha kipeuo cha pili cha kilomita, inaruhusiwa kukosea milimita 24 kwa kilomita zote nne, na kati ya manholi mbili jirani ni milimita mbili tatu. Mashamba ya mpunga Ahero na West Kano ni vile vile, maji lazima yasimame sawa kwa jaruba, na hapo leveli ya leza ama hata ile paipu ya fundi itamshinda satelaiti bila jasho. Satelaiti ilete mwinuko kutoka mbali mpaka kwa pegi moja au mbili za saiti, mambo mengine leveli imalize. Kwa kontua (mistari ya mwinuko) za shamba, bwawa, barabara ya murramu, RTK inatosha na inaokoa wiki nzima.

Upande wa Nakuru kuna vituko vyake. Kwanza mpaka wa zoni za ramani, longitudo 36, unapita kati ya Njoro na mji wa Nakuru, Kisumu na Njoro ziko zoni 36 na Nakuru iko 37, hiyo inaharibu ulalo zaidi kuliko mwinuko lakini inachanganya watu sana, mtu anaweka pointi za Njoro kwa faili ya Nakuru zinaangukia nchi nyingine. Ramani za zamani nazo ziko kwa mfumo wa zamani wa ramani unaoitwa Arc 1960, ambao elipsoidi yake ni Clarke 1880, kubwa kuliko WGS84 kwa mita 112 kwenye ikweta, na ukichanganya hizo mbili mwinuko wa elipsoidi unakuwa upuzi mtupu. Pili, ardhi ya Bonde la Ufa yenyewe haikai. Rada za satelaiti zilionyesha Longonot ikivimba kama sentimita 9 kati ya 2004 na 2006, na kabla ya hapo Menengai na Suswa zilikuwa zimeshuka sentimita mbili hadi tano kati ya 1997 na 2000. Benchimaki iliyo mgongoni mwa volkano inapanda na kushuka nayo. Ziwa Nakuru nalo halina mto wa kutoka, likijaa linapanuka tu, watu wa Mwariki wanajua hiyo hadithi, na kule tofauti ya nusu mita kwa ramani ya kontua ni mamia ya mita za ardhi kwa sababu ufuo ni flati sana.

Title deed haitakusaidia hapa, inakupa mipaka na ukubwa, mwinuko haimo. Kwa hivyo ukimlipa saveya akupimie miinuko ya ploti, mwambie kwa heshima aandike kwa kona ya mchoro: benchimaki gani ametumia na namba yake, mwinuko wake ulikuwa ngapi, modeli gani ya jioidi, besi ilikuwa wapi, na tarehe. Halafu apige alama moja isiyosogea ndani ya ploti, msumari kwa zege ama pembe ya veranda, na mwinuko wake uandikwe pale. Kaunti wakija na mtaro wao miaka mitano baadaye, hiyo alama ndiyo watakayoiwekea stafu.